Likasi: gitare iliyozaliwa hapa inafundishwa ng'ambo

Mtoto wa Likasi anayetaka leo kujifunza kupiga « Masanga », wimbo ambao Mwenda Jean Bosco alirekodiwa akiupiga katika mji huu mwaka 1952, ana njia moja iliyo karibu: anunue mega, afungue simu, atafute kwenye intaneti. Masomo atayapata. Lakini mwalimu atakayemwonyesha kidole gumba kinakwenda wapi na kidole cha shahada kinafanya nini, mara nyingi atakuwa mzungu anayefundisha kwa Kiingereza, na maneno ya Kiswahili ya wimbo anayatamka kama mtu anayetembea juu ya mawe.

Mwalimu huyo hana kosa. Alifunga safari, akakaa mbele ya wazee wetu, akajifunza. Swali linabaki kwa mji wenyewe: ni nani, katika komini za Likasi, Kikula, Panda na Shituru, anayekaa na kijana wa miaka kumi na kumshika vidole juu ya nyuzi?

Kuna nchi ndogo ya Ulaya iliyojiuliza swali kama hilo kabla yetu, na ambayo Likasi inaijua kwa sababu nyingine kabisa. Nchi hiyo ni Ireland.

Kwa wazee wa Likasi, Ireland ni vita. Tarehe 13 mwezi wa tisa 1961, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville, kampuni moja ya askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa, watu zaidi ya 150 chini ya kamanda Pat Quinlan, ilishambuliwa asubuhi wakati wengine walikuwa kwenye misa. Jeshi la Katanga na mamluki wake waliwazunguka kwa siku tano. Msaada uliotoka Elisabethville ulikwama kwenye daraja la mto Lufira. Tarehe 17 Waireland walisalimu amri, risasi na maji vikiwa vimeisha; hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Kwao waliporudi hawakupokelewa kama mashujaa. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini, na filamu moja ya mwaka 2016, mpaka serikali yao iwape medali, mwezi wa kumi na mbili 2017.

Medali hizo zilitolewa Athlone, mji wa kambi iliyohusishwa na kampuni hiyo. Athlone iko katika kaunti ya Westmeath. Na katika kaunti hiyo hiyo, kwenye mji wa Mullingar, miaka kumi kabla ya vita ya Jadotville, watu wachache walikutana kwa ajili ya jambo lisilohusu bunduki: muziki wa babu zao ulikuwa unakufa.

Kinubi kilichoandikwa kikafa

Muziki unaoitwa wa Kiselti ni wa watu wa Ireland, Scotland, Wales na pia Bretagne, ile pembe ya Ufaransa inayoingia baharini. Vyombo vyake ni fidla, filimbi, kinubi, akordioni na zumari za mfuko. Dansi yake imejulikana duniani tangu usiku mmoja wa mwezi wa nne 1994, pale « Riverdance » ilipoonyeshwa Dublin katikati ya mashindano ya Eurovision: mstari wa wachezaji, mikono imenyooka ubavuni, miguu inapiga sakafu kama mvua juu ya manjanja. Anayeona hayo leo anaweza kudhani muziki huo haukuwahi kuwa mgonjwa.

Uliumwa sana. Mwezi wa saba 1792, huko Belfast, waliitwa wapiga kinubi wote waliobaki ili wapige mbele ya watu. Wa Ireland waliofika walikuwa 10 tu. Wengi walikuwa wazee, na mmoja alikuwa na umri wa zaidi ya miaka tisini. Ndiye peke yake aliyekuwa bado anakwaruza nyuzi kwa kucha, kama desturi ya kale ilivyotaka. Kijana mmoja wa miaka 19, Edward Bunting, alipewa kazi ya kuandika noti za nyimbo zao. Aliziandika, na baadaye akazichapisha.

Nyimbo zilipona. Upigaji haukupona. Wale wazee walikufa bila wanafunzi wa kutosha, na namna yao ya kushika kinubi, ya kuzima uzi mmoja huku mwingine ukilia, ilikwenda nao kaburini. Wapiga kinubi wa baadaye walilazimika kuitafuta upya kwa kubahatisha, wakisoma karatasi za Bunting kama mtu anayesoma mapishi ya chakula ambacho hajawahi kukionja.

Habari hii ina uzito kwa Likasi, kwa sababu sisi tuko kwenye ukurasa huo huo.

Mtu wa Bunkeya

Bosco alizaliwa Bunkeya, kaskazini mwa Likasi, mwaka 1930. Ni makao ya Wayeke, mji wa mfalme Msiri aliyeuawa na msafara wa wazungu tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891, na ndiyo maana mwanamuziki alijiita pia Mwenda wa Bayeke. Jadotville aliyoishi ujanani ilikuwa mji wa Union Minière. Kambi za wafanyakazi zilichanganya Wasanga wa hapa, Waluba, watu wa Kasai, wa Luapula, hata wa Ruanda. Kila mmoja alikuja na ngoma yake. Kilichowakutanisha kilikuwa lugha moja, Kiswahili, na baadaye chombo kimoja kilichouzwa madukani, gitare.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini na aliyekuwa anazunguka na mitambo ya kurekodi, alimkuta Bosco Jadotville. Sahani zilizotoka hapo zilisikilizwa Nairobi, Lusaka na mbali zaidi. Mtu akisikiliza « Masanga » kwa mara ya kwanza anafikiri ni watu wawili. Ni mmoja. Kidole gumba kinatembea chini kwa mwendo wake, cha shahada kinachora wimbo juu, na baina ya hivyo viwili kuna mapigo yanayogongana na kuachana bila kuanguka. Bosco hakurudia kitu kilivyo. Kila mzunguko aliugeuza kidogo.

Wasomi walishangaa. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, aliandika kuhusu ubunifu wa Bosco kwenye gitare katika jarida la « African Music », sehemu mbili, mwaka 1961 na 1962, noti baada ya noti. Yaani miezi ile ile Jadotville ilipokuwa inasikia mizinga, kulikuwa na mtu mbali sana aliyeinama mezani akihesabu vidole vya mwana wa hapa.

Nairobi nayo ilimtaka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikaa huko, akawa na kipindi kwenye redio, na vijana wa Kenya wakamwiga mpaka mtindo wa vidole viwili ukawa wao. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Hakuwa peke yake: Edouard Masengo, ndugu yake, alivuma Elisabethville na Nairobi, akitokea pia na kundi la Jecoke ambalo lilichanganya wimbo, dansi na vichekesho, na Losta Abelo naye alikuwa na gitare yake na mafumbo yake. Nyimbo zao nyingi ni za Kiswahili cha Katanga, kile cha sokoni na cha nyumbani. Zinaongea juu ya ndoa, ulevi, deni, jirani mbaya.

Kisha ikaja rumba ya umeme kutoka Kinshasa, bendi kubwa, gitare tatu au nne na ngoma za kizungu. Mtu mmoja na gitare kavu kwenye kiti akaonekana wa zamani. Ilitokea kila mahali, na hakuna wa kulaumiwa. Vijana wanapenda kucheza.

Waliobisha hodi wakati huo walikuwa wageni. Mwingereza John Low alikuja Shaba, kama jimbo lilivyoitwa, kuwatafuta wazee hao na kujifunza kwao. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka Vienna mwaka 1982. Mmarekani Elijah Wald alifika Lubumbashi mwaka 1990, akakaa na Bosco na Masengo kama mwanafunzi. Bosco alikufa mwaka huo huo kwa ajali ya gari. Masengo akafuata baada ya miaka kumi na kidogo. Low na Wald walirudi kwao na walichokipata vidoleni, na wao wakawa walimu.

Kwa hiyo karatasi ipo: Rycroft ameandika. Sauti ipo: rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko kwenye chuo kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini, na sehemu yake imetolewa tena kwenye CD. Hata wanafunzi wapo. Ila mnyororo wa kumtoa mtoto wa Kikula kwa mzee wa Kikula ndio mwembamba.

Waireland walifanya nini

Walianza na watu kukaa pamoja. Chama kilichoundwa Mullingar mwaka 1951 kinaitwa Comhaltas Ceoltóirí Éireann, maana yake ushirika wa wanamuziki wa Ireland. Wakati huo muziki wa kijijini ulidharauliwa na watu wa miji kama mambo ya washamba. Sheria ya mwaka 1935 ilikuwa pia imeuumiza: serikali, kwa msukumo wa maaskofu waliohofia tabia mbaya, iliamuru kila dansi ya watu wote iwe na leseni. Polisi na mapadri waliitumia hata dhidi ya dansi za nyumbani, zile za jikoni, meza ikisukumwa ukutani na mpiga fidla akikaa karibu na moto. Dansi hizo ndizo zilikuwa shule. Zilipofungwa, shule ilifungwa bila mtu kutamka neno shule.

Chama kilirudisha shule hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni matawi: katika kila parokia inayotaka, watu wanapata chumba, mara nyingi darasa la shule baada ya masomo, na mpiga muziki wa hapo hapo anafundisha watoto kwa sikio. Noti zinaweza kuwapo, lakini mwalimu anapiga kipande kidogo, mtoto anarudia, anapiga tena, mtoto anarudia, mpaka wimbo umeingia. Leo matawi hayo yako mamia, ndani ya Ireland na kwa Waireland wa ng'ambo.

Ya pili ni mashindano, yanayoitwa Fleadh Cheoil. Yanaanza kwenye kaunti, yanapanda hadi jimbo, halafu taifa. Mtoto wa chini ya miaka 12 ana ngazi yake, wa chini ya 15 ana yake, wa chini ya 18 vilevile. Ya kwanza yalikusanya watu wachache tu Mullingar. Yaliporudi katika mji huo mwaka 2022 na 2023 wageni walihesabiwa kwa laki. Wapo wanaonung'unika, na wana haki: mashindano yanafanya watoto wapige kwa kumpendeza hakimu, na mitindo midogo ya vijiji inaweza kumezwa na mtindo mmoja unaoshinda. Lakini mtoto aliyekosa medali hapo anatoka nje, anakuta wazee kumi wamekaa kwa duara barabarani wakipiga, anavuta kiti. Ujifunzaji mkubwa uko kwenye duara hilo.

Hadithi ya zumari za uilleann inagusa zaidi. Ni zumari za mfuko ambazo hazipulizwi kwa mdomo: mpigaji anakaa, mvukuto uko chini ya kiwiko kimoja, mfuko chini ya kingine. Ni chombo kigumu na cha bei kali. Mwaka 1968, wapigaji wake walipounda chama chao, inasemekana walikuwa wamebaki chini ya mia moja. Walifanya kazi mbili kwa pamoja: kufundisha kupiga, na kufundisha kutengeneza, kwa sababu mwanafunzi bila chombo ni msikilizaji tu. Mwaka 2017 UNESCO iliingiza sanaa hiyo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na kwa wakati huo wapigaji walikuwa maelfu, katika mabara mbalimbali.

Kuna pia shule ya majira ya joto katika kijiji cha Miltown Malbay, kaunti ya Clare, yenye jina la mpiga zumari Willie Clancy. Alikufa mwanzoni mwa mwaka 1973, na rafiki zake walianzisha shule mwaka huo huo. Kila mwezi wa saba, kwa wiki moja, asubuhi ni masomo, mchana ni mazungumzo, usiku ni kupiga na kucheza mpaka alfajiri. Mwalimu anaweza kuwa mkulima. Clancy mwenyewe alikuwa seremala.

Kinachowezekana hapa

Ni rahisi kujibu kwamba Ireland ina pesa. Leo inayo. Mwaka 1951 ilikuwa nchi maskini ambayo vijana wake walipanda meli kwenda kutafuta kazi, na chumba cha darasa na mwalimu asiyelipwa vizuri havikuhitaji bajeti ya wizara. Hata hivyo tofauti zipo, na si haki kuzificha. Ireland haikuwa na vita ndani ya miaka hiyo kama Katanga ilivyopata mwaka 1961 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wakasai walipofukuzwa Likasi na familia zikalala kwenye gari la moshi na kwenye stesheni. Kati ya waliofukuzwa walikuwamo walimu na wapiga muziki. Kuanguka kwa Gécamines nako kulivunja ulimwengu wa kambi uliolisha muziki huu.

Lakini Katanga ina ushahidi wake kwamba muziki unaweza kujishikilia wenyewe. Mfano ni karindula: banjo kubwa kupita kiasi, mwili wake pipa la mafuta lililofunikwa ngozi ya mbuzi, shingo ya mti, nyuzi nne. Vijana wa Lubumbashi, kilomita 120 hivi kutoka Likasi, wameipiga na kuicheza mitaani kwa miaka, na mwaka 2011 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa rekodi na picha za makundi yao. Hakuna aliyewapa darasa. Chombo wanakitengeneza wenyewe, na kuipiga wanajifunza kwa kusimama karibu na wanaojua, kama jikoni za Clare. (Waireland nao wanapiga banjo ya nyuzi nne. Ilifika kwao kutoka Marekani, na Marekani ilipelekwa na Waafrika waliouzwa utumwani. Dunia ni duara kuliko tunavyofikiri.)

Gitare ya Bosco haiwezi kutengenezwa kwa pipa. Inaomba chombo na seti ya nyuzi, na uzi wa kwanza hukatika kila mara. Kwa vijana wengi wa Likasi gitare pekee wanayoigusa ni ya kanisa, na kanisani inapigwa kwa mtindo wa sebene, na amplifaya. Hapo ndipo wapigaji wako tayari, vidole vimekwisha kuwa vigumu, na kuna mkusanyiko kila wiki. Kiongozi wa muziki wa kwaya anayejua nyimbo mbili tatu za wazee anaweza kuwa tawi zima la Comhaltas bila kujua, kama akikubali kubaki saa moja baada ya mazoezi na kuzima amplifaya.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wa ng'ambo hawatalipata hata wakipiga miaka thelathini. Bosco, Masengo na Abelo walitunga kwa Kiswahili cha hapa. Mtoto wa Panda akisikia maneno anacheka mahali pa kucheka. Anajua jirani wa namna ile, anajua deni la namna ile. Mwanafunzi wa Chicago anasoma tafsiri chini ya ukurasa.

RDC ilifurahi tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2021, UNESCO ilipoandika rumba ya Kongo kwenye orodha yake kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville pamoja. Furaha ilikuwa ya haki, lakini rumba ya kwenye hati ile ni hasa ya mto Kongo. Gitare kavu ya Katanga ilitokea upande huu, ikatazama Zambia na Nairobi, ikaimba Kiswahili. Ikisubiri hati kutoka Paris itasubiri sana.

Sauti zenyewe hazihitaji kusubiri. Mwaka 2014 maktaba ya Tracey, pamoja na wanamuziki wa Kenya, ilirudisha nakala za rekodi za miaka ya 1950 kwa jamii ya Wakipsigi, na wazee waliokuwa vijana siku ya kurekodiwa walipewa sauti zao mkononi. Rekodi za Jadotville ziko kwenye maktaba hiyo hiyo. Barua ya kuziomba inaweza kuandikwa na shule, na parokia, na redio ya mtaa, au na meya. Na kila tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili Wayeke wanakusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri, watu wanatoka Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, ngoma zinalia tangu asubuhi. Jukwaa lipo, na wasikilizaji wapo. Wa chini ya miaka 12 wanaweza kuanza.